Kitenzi "Set In" na Dhana ya Kuanza

Mojawapo ya matatizo yamkabiliyo mfasiri wa Kiingereza ni vile vitenzi vinavyoundwa kwa kitenzi sahili pamoja na kielezi kifupi, kwani maana ya jumla haipatikani kwa kujumlisha maana za sehemu zake. Makala haya yanachunguza kimoja tu, nacho ni "set in".

Kitenzi hiki chaeleza kuanza kwa hali ambayo yatarajiwa kudumu, na aghalabu hali yenyewe si ya kupendeza. Kiima chake huwa ni majira, giza, baridi, ugonjwa, hofu au uozo: "Winter set in", "Panic set in". Kwa maana hii, mtu hawezi kuwa kiima chake, wala hakichukui yambwa. Kwa hiyo hakigeuzwi kuwa cha kutendwa. Vilevile, haisemwi kwamba mkutano "set in", kwa kuwa mkutano huanzishwa na watu kwa saa maalumu, ilhali hali hizi huingia zenyewe na kutua.

Yafaa kitenzi hiki kitofautishwe na maneno yaliyomo katika "The novel is set in Mombasa". Hapa "in" ni kihusishi kinachotawala jina la mahali, na "set" imo katika hali ya kutendwa. Katika "The rains set in", "in" ni kielezi, hutamkwa kwa mkazo, na sentensi yaweza kukomea hapo.

Katika Kiswahili, "kuanza" hutaja kizingiti tu cha tendo. Tazama agizo hili kwa wakulima: "Plant before the rains set in". Tukifasiri "Pandeni kabla mvua haijaanza", tumewaamuru wapande katika udongo mkavu, na aliyechelewa hadi manyunyu ya kwanza atadhani muda umempita. Lakini "Pandeni kabla masika hayajashika" huwaachia siku za mvua za mwanzo. Tofauti hiyo ni ya mbegu na mavuno, si ya mtindo peke yake.

Kiswahili hakina upungufu hapa. Husema usiku umeingia, baridi imeshika, hofu imetanda, ugonjwa umeota mizizi; na kiambishi -me- huonyesha kwamba hali imekwisha kutua. Basi mfasiri asitafute neno moja la kulingana na "set in" kila mahali. Na atazame kiima kwanza, ndipo achague kitenzi.