Bei ya ndagala huanzia kwa vijidudu vya ziwani

Na Mwandishi Wetu, Bujumbura

NDAGALA wanapoadimika sokoni, lawama huwaangukia wachuuzi, wavuvi au mbalamwezi. Wachache hukumbuka vijidudu vya majini ambavyo vingi havifiki urefu wa milimita mbili.

Wataalamu huviita zuplanktoni. Katika Ziwa Tanganyika vilivyo vingi ni jamii ya kopepodi, ndugu wa mbali wa kamba. Vijidudu hivyo hula vijimea vinavyoelea majini, ndagala huvila, naye mukeke, anayeitwa mgebuka kule Kigoma, humla ndagala.

Mchana hushuka chini kukwepa kuliwa, usiku hupanda juu na ndagala huvifuata. Ndiyo maana mvuvi huingia ziwani usiku na taa zake, na mbalamwezi ikiwaka sana hupumzika.

Upepo una kazi

Ziwa hili lina kina cha mita 1,470. Chini kabisa hakuna oksijeni, na rutuba nyingi imelala huko. Upepo wa kusini mashariki unaovuma kati ya Mei na Septemba huyavuruga maji na kuipandisha rutuba hiyo. Vijimea hustawi, vijidudu huongezeka, ndagala nao hushiba na kuzaana.

Maji ya juu yakipata joto, huwa mepesi na hayachanganyiki vizuri na ya chini. Mwaka 2003, watafiti wakiongozwa na Catherine O'Reilly waliandika katika jarida la Nature kwamba ustawi wa vijimea huenda ulishuka kwa asilimia 20, na kwamba mavuno ya samaki yangeweza kupungua kwa takriban asilimia 30.

Kwa aliyerejea kutoka kambi za Tanzania na kuanza maisha kwa gunia la ndagala wakavu, hiyo ni habari ya mtaji wake.

Mwaka huohuo wa 2003, Burundi, Congo, Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba uliozaa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, yenye makao yake Bujumbura. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi ziwani humo kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, samaki wapate kuzaana.

Mfanyabiashara wa mpakani hana uwezo wa kuamuru upepo. Anaweza, hata hivyo, kukataa kununua ndagala wachanga, na kuweka akiba kabla ya miezi ya kufungwa kwa ziwa.