Mkono Hujifunza kwa Kurudia



Mkazi wa Morogoro hahitaji kuelezwa kikapu ni nini. Ndizi na mboga hushuka kutoka milima ya Uluguru zikiwa vichwani mwa kina mama, na kutoka Mgeta huja hata mafyulisi, matunda ya nchi za baridi. Ni vikapu viwili vya matunda hayo ambavyo mwalimu James Naismith alivitundika ukumbini huko Springfield, Marekani, mwezi Desemba mwaka 1891. Na hivyo mpira wa kikapu ukapata jina lake. Vijana wetu wanaupenda mchezo huu. Leo tutafakari jambo moja ndani yake: namna mtu anavyojifunza kuuaminia mkono wake anapotupa.

Pete ya chuma iko mita 3.05 kutoka ardhini, na upana wake ni sentimeta 45. Mpira wa wanaume una upana wa sentimeta 24 hivi. Nafasi ipo, ila haionekani vilevile kutoka kila upande. Mdomo wa chungu, kwa aliye mbali, ni kama mstari tu. Kwa aliyesimama juu yake, uko wazi kabisa. Ndiyo maana mpira unaorushwa juu na kushuka kutoka juu huingia kwa urahisi kuliko ule unaokwenda chinichini.

Mchezaji aliyechezewa rafu huweza kupewa mtupo huru. Husimama kwenye mstari ulio mita 4.6 kutoka kwenye ubao, naye ana sekunde 5. Hakuna anayemzuia. Lakini hapo ndipo hata wenye nguvu hutetemeka, kwa maana macho yote yanamtazama yeye peke yake.

Dawa yake ni mwendo mmoja usiobadilika. Miguu ikae palepale kila mara. Mpira udundwe idadi ileile. Avute pumzi, akunje magoti, kiwiko kiwe chini ya mpira, mkono wa pili uushike ubavuni bila kuusukuma. Kisha nguvu ipande kutoka miguuni hadi ncha za vidole, na kiganja kibaki kimeinama kuelekea kikapuni. Sisi watu wa mji wa Salum Abdallah na Mbaraka Mwinshehe twajua siri hii. Mpiga gitaa hatafuti kila sauti kwa macho. Vidole vimekwisha kuzoea njia. Nao kina mama wawili wanaotwanga katika kinu kimoja hawagongani, kwa kuwa kila mmoja anashika mapigo.

Mazoezi na yaanzie karibu, hatua mbili tu kutoka kwenye pete. Atupe kumi. Mwendo ukitulia, arudi nyuma hatua moja, atupe kumi tena. Akianza kukosa mfululizo, asikazane kwa hasira: asogee karibu tena. Haba na haba hujaza kibaba.

Wapendwa, hapa pana jambo zito. Kijana anayekosa mara tatu na kuchekwa huuweka mpira chini akisema hakuzaliwa na kipaji. Kijana huyohuyo, akikwama katika kusoma mbele ya watu, hufunga kitabu asikifungue tena. Nasi twamwambia, "Jiamini!" kana kwamba kujiamini ni shati la kumvisha. Sivyo. Kujiamini ni kumbukumbu ya kazi iliyokwisha kufanyika. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alianza mchezo huu akiwa kijana wa makamo ya sekondari. Mwaka 2009 alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa ligi kuu ya Marekani, NBA, akawa Mtanzania wa kwanza kuicheza. Urefu alizaliwa nao. Kuucheza mpira ilimbidi ajifunze. Mtume Paulo naye, alipowaandikia Wakorintho, aliwatolea mfano wa wanamichezo wanaoutawala mwili wao kabla ya siku ya mashindano.

Basi katekista, na wewe mzazi, kijana wako akikosea juma hili, usimwambie tu ajiamini. Msogeze hatua moja karibu zaidi, simama kando yake, uhesabu naye hadi kumi.