Damu Kwenye Mkojo: Usikimbilie Kuilaumu Dawa

Februari 1933, mkulima mmoja wa Wisconsin, Marekani, aliendesha gari karibu kilomita 300 kwenye dhoruba ya theluji hadi Madison, akiwa na ng'ombe aliyekufa, mzigo wa majani makavu yaliyooza na debe la maziwa lililojaa damu. Damu ile ilikuwa haijaganda. Mwanakemia Karl Paul Link na wenzake walihangaika miaka kadhaa hadi wakaipata kemikali iliyokuwamo kwenye majani yale. Humo ndimo ilimotoka warfarini, iliyoanza kuuzwa mwaka 1948 kama sumu ya panya, na mwaka 1954 ikaruhusiwa kutibu binadamu.

Leo sumu hiyo ya panya inawakinga na kiharusi watu ambao mapigo yao ya moyo hayana mpangilio. Vyumba vya juu vya moyo vikitetema badala ya kukaza sawasawa, damu hutuama kwenye kijifuko cha upande wa kushoto na kuganda. Bonge likichomoka likafika kwenye ubongo, ndiyo kiharusi chenyewe. Dawa mpya zipo, lakini kwa wagonjwa ambao valvu zao zimeharibiwa na homa ya rumatiki, nao Afrika Mashariki ni wengi, utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa jamii ya warfarini inawafaa kuliko rivaroxaban, mojawapo ya dawa hizo mpya.

Sasa mgonjwa anayemeza warfarini anakwenda msalani na kuona mkojo mwekundu, au wenye rangi ya chai iliyokolea. Jibu analojipa, na pengine analopewa kwenye duka la dawa, ni kwamba dawa imezidi. Inawezekana. Kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani na ambacho kwa wengi hutakiwa kiwe kati ya 2 na 3, hupanda mtu akimeza Flagyl ya tumbo au Septrin. Diklofenaki ya mgongo nayo huongeza hatari ya kuvuja damu hata INR ikibaki palepale. (Anayetumia rifampisini ya kifua kikuu atakojoa rangi ya chungwa bila tone la damu, ila dawa hiyo hupunguza nguvu ya warfarini, kwa hiyo daktari wa moyo lazima aambiwe.)

Lakini warfarini haitoboi kibofu. Mara nyingi inachofanya ni kukiacha kidonda kilichokuwa kikivuja kwa siri kivuje hadi kionekane. Huko Ontario, Kanada, watafiti walifuatilia wazee zaidi ya milioni 2.5 na kuchapisha matokeo mwaka 2017: waliokuwa wakitumia dawa za kuzuia damu kuganda walikutwa na saratani ya kibofu ndani ya miezi 6 kwa asilimia 0.70, dhidi ya asilimia 0.38 kwa wasiozitumia. Asilimia hizo ni ndogo, tena wengi wenye damu kwenye mkojo watakutwa na maambukizi, mawe au tezi dume iliyotanuka. Hata hivyo, kumwambia mgonjwa apunguze kidonge na kumrudisha nyumbani bila uchunguzi, kwa maoni yangu, ni uzembe.

Kwetu kuna sababu nyingine ambayo daktari wa Ontario hakutani nayo sana: kichocho. Aliyekulia Pemba au Shinyanga akichezea madimbwi anaweza kuwa na mayai ya minyoo kwenye ukuta wa kibofu, na damu yake mara nyingi hutoka mwishoni mwa kukojoa. Tangu mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani linawahesabu minyoo hao miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Kwa hiyo anayekuhoji asiishie kwenye orodha ya vidonge. Akuulize pia ulioga wapi utotoni.

Kuacha dawa kimyakimya ndilo kosa kubwa zaidi, kwani moyo unaendelea kutetema na bonge linaweza kujitengeneza. Mwenye kuamua kama dozi isimame, ipunguzwe au mgonjwa apewe vitamini K ni daktari, baada ya kuona INR. Ila mkojo ukitoka na mabonge ya damu, au ukagoma kabisa huku kibofu kimejaa, usingoje tarehe ya kliniki: nenda hospitali saa hiyohiyo, na uchukue vidonge vyote unavyomeza, pamoja na vile ulivyonunua bila cheti.