Nduruma kwa Baiskeli: Kushuka Bure, Kupanda kwa Bei

Mto Nduruma unaanzia kwenye miteremko ya Mlima Meru, unapita chini ya barabara kuu ya Moshi kabla hujafika Tengeru, kisha unaiacha migomba na kahawa na kuingia tambarare ya mahindi, maharage na vitunguu. Mbele zaidi unajiunga na Kikuletwa, na maji yake yanaelekea bwawa la Nyumba ya Mungu na Mto Pangani. Arusha mjini iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo anayetoka huko na kuufuata mto huu kwa baiskeli anateremka karibu njia nzima. Hata ambaye hajakanyaga pedeli tangu sekondari atafika kijijini Nduruma huku akipiga soga.

Hapo ndipo hesabu inapoharibika. Watu wanaulizia kwanza bei ya kukodi, au bei ya mtumba, wakati gharama inayotofautisha safari moja na nyingine ni ya kurudi. Kabla ya kutoa hata shilingi, jiulize nani atakupandisha saa tisa alasiri, miguu imechoka na jua bado halijalegea. Wanaotembea kwa baiskeli kando ya Mto Danube, kutoka Passau kule Ujerumani hadi Vienna, Austria, walishalimaliza jambo hili: wengi wao wanaufuata mto unakoshukia, kilomita 300 hivi, na kurudi kwa treni. Nduruma hakuna treni. Kuna miguu yako, kuna kifodi (daladala ndogo), kuna pikapu, na kuna kampuni ya utalii.

Tuanze na miguu, maana ndiyo isiyodai nauli. Baiskeli ya mzigo, Phoenix au Avon, haina gia. Mzunguko mmoja wa pedeli unaisogeza karibu mita tano, upende usipende. Kwenye tambarare ya Nduruma hiyo ni raha, na ndiyo maana wakulima wa huko wanaipenda: inabeba gunia, inabeba mama na mtoto, na kila fundi ana vipuri vyake. Kwenye mlima wa kurudi mjini, mita tano kwa mzunguko ni adhabu. Utashuka na kuisukuma, tena ni nzito. Baiskeli ya milimani yenye gia, ukiiweka kwenye gia nyepesi kabisa, inasogea mita mbili tu kwa mzunguko, na mtu wa kawaida anapanda nayo polepole bila kushuka. Wauzaji watakushawishi ulipie wepesi wa fremu ya alumini. Mimi nasema lipia gia. Kilo moja au mbili unazopunguza kwenye fremu ni sehemu ndogo ya uzito wa mwendeshaji na baiskeli yake kwa pamoja, lakini gia inabadilisha kabisa kazi inayofanywa na magoti.

Kwa asiyetaka kupanda, kifodi ni rahisi kuliko anavyodhani. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ilipopandisha nauli Desemba 2023, daladala za mijini kwa umbali usiozidi kilomita 10 zilitoka 500 kwenda 600, na umbali ukiongezeka nauli inaongezeka kwa ngazi. Hiyo ni nauli yako wewe. Ya baiskeli juu ya keria ni maelewano na konda, na maelewano yafanyike baiskeli ikiwa bado chini. Ikishafungwa kamba huko juu, bei ni yake. Beba mipira yako ya kufungia, funga mwenyewe, na upande wa cheni uutazamishe mbali na mizigo ya watu. Siku za soko la Tengeru, Jumatano na Jumamosi, magari ni mengi lakini keria zimejaa matenga, na hakuna konda atakayeshusha nyanya za mama wa watu ili apandishe baiskeli ya mtu anayetalii.

Pikapu ina faida mkiwa wengi. Kwa mfano tu, mwenye gari akitaka 60,000 na mko sita, kila mmoja anatoa 10,000 na anafika nyumbani bila jasho. Mkiwa wawili ni 30,000 kila mmoja, na kwa hela hiyo kifodi kinashinda waziwazi. Bodaboda ya kubeba mtu na baiskeli yake begani siipendekezi kwa bei yoyote.

Sasa baiskeli yenyewe: kukodi au kununua? Hapa pia nitumie namba za mfano, wewe weka zako. Kukodi kukiwa 20,000 kwa siku na mtumba wa gia 240,000, siku 12 za kukodi zimenunua baiskeli. Lakini mtumba uliotoka kwenye kontena mara nyingi raba zake zimekauka. Ongeza tairi, mipira ya ndani, cheni na waya za breki. Vikifika 60,000, jumla ni 300,000, na siku zinakuwa 15. Anayetoka mara moja kwa mwezi atairudisha hela yake kwa mwaka mmoja na robo, mradi baiskeli isimlaze njiani. Anayetoka Pasaka na Krismasi akodi tu.

Kwenye mitumba, rangi na mng'ao visikuchukulie muda. Soma namba ya tairi. Ikiwa 26 au 28 uko salama, kwa sababu 28 ndiyo ya Phoenix na 26 ni ya baiskeli nyingi za milimani, na maduka ya vijijini yanaziweka. Zile za Kijapani zenye kikapu mbele mara nyingi zina tairi namba 27, nazo zikipasuka Nduruma unaweza kusubiri mpaka mtu aje na tairi kutoka mjini. Baadhi yake zina gia tatu zilizofichwa ndani ya haba ya nyuma. Ni tamu kuendesha na vumbi haliziingii kirahisi, ila zikigoma, fundi wa chini ya mti hana cha kukusaidia. Gia za nje, zile zinazoonekana, zinachafuka na kupiga kelele, lakini anazijua. Angalia na valvu: nene kama ya pikipiki inajazwa popote penye pampu ya boda, na ile ya Phoenix ina pampu yake kila kijiji. Nyembamba ya baiskeli za mashindano usiinunue bila kutembea na pampu yake. Miiba ya migunga haichagui tajiri, kwa hiyo viraka na gundi viwemo mfukoni hata kama baiskeli ni ya kukodi, na muulize mwenye nayo mapema pancha ni juu ya nani.

Kampuni ya utalii ndiyo ghali kuliko zote, na kwa baadhi ya watu ndiyo inayostahili. Unalipia baiskeli iliyokaguliwa, kiongozi anayejua njia zipi zinapita shambani kwa watu, na gari linalofuata nyuma, yaani ule mlima wa kurudi umeshalipiwa. Kwa hiyo ukilinganisha bei yake na ya kukodi, ongeza kwanza pikapu upande wa kukodi, la sivyo unalinganisha nusu safari na safari nzima. Uliza kama gari la kufuata limo, kama helmeti na chakula vimo, na kama kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 imeshahesabiwa au itakurukia mwishoni. Ulizia leseni ya TALA, ya mawakala wa utalii. Na ukitajiwa bei kwa dola, omba ya shilingi bila aibu: kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza kutangaza bei ya bidhaa au huduma kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Mkiwa wengi bei kwa kila kichwa inashuka, kwani gari na kiongozi ni wale wale.

Kitu kimoja ambacho kiongozi mzuri anakiokoa ni mifereji. Maji ya Nduruma yanagawanywa kwa zamu, wakulima wa juu na wa chini, na mashamba makubwa nayo yanayataka. Kingo za mfereji ni udongo uliotengenezwa kwa mikono, na tairi linaloupasua linamwaga zamu ya mtu. Pita njia ya miguu, salimia wazee, vuka penye daraja.

Chakula hakiwezi kuivunja bajeti yako. Kwa mama ntilie kuna wali maharage, makande, na ukibahatika loshoro. Msimu ndio wenye gharama: Machi hadi Mei njia za vumbi zinageuka tope, cheni inakula mchanga, na kurudi kwa kifodi kunaacha kuwa hiari. Juni hadi Agosti ni baridi mjini na pazuri bondeni.

Kwa mtu mmoja au wawili wenye nguvu, baiskeli ya gia ya kukodi na kifodi cha akiba inatosha. Kikundi cha watano na kuendelea kichukue pikapu. Mgeni wa mji, au anayetembeza wakwe, aende na kampuni. Mwenye watoto asianzie mjini kabisa; barabara ya njia nne kutoka Sakina hadi Tengeru haina subira na mtoto wa miaka kumi. Apakie baiskeli asubuhi, aanzie chini ya barabara kuu, waendeshe tambarare tu, na gari lile lile liwasubiri. Dereva atataka zaidi kwa kuwa anashinda nanyi, kwa hiyo mpatane kwa siku nzima na si kwa tripu.