Sakafu ya Mbao: Jihadharini na Vumbi

Sakafu ya mbao iliyochakaa hupendeza tena ikipigwa msasa na kupakwa vanishi. Lakini vumbi lake lina madhara. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kwamba vumbi la mbao husababisha saratani. Walio hatarini zaidi ni mafundi wanaolivuta kila siku; hata hivyo, kwa mwenye pumu siku moja yatosha kumletea shida.

Kama sakafu ina rangi ya zamani, huenda rangi hiyo ina madini ya risasi. Mtoto anayetambaa hulamba vidole vyenye vumbi, na risasi ikadhuru ubongo wake daima.

Basi fanyeni hivi:

1. Watoto na wajawazito wahamie kwa ndugu mpaka kazi iishe na vanishi ikauke.
2. Rangi ya zamani msiikwangue kavu wala msiichome. Ilowesheni kwanza.
3. Fundi avae barakoa ya kazi, leso haitoshi.
4. Msifagie. Pangusni kwa kitambaa chenye maji.

Mtoto aliyekwisha kucheza katika vumbi hilo mpelekeni kwa daktari, mkamweleze habari ya rangi, hata kama haonyeshi dalili yoyote.