Siku Spika alipobanwa kitini kwa sababu ya ushuru

Hebu vuta picha. Bunge limejaa pomoni. Spika anasimama kwenda zake kwa sababu mkubwa wa nchi ameagiza kikao kiahirishwe. Kabla hajafika mbali, wabunge wawili wanamdaka, mmoja huku, mwingine kule, wanamrudisha kitini kwa nguvu. Mlango unafungwa kwa ufunguo. Spika anaanza kulia.

Hapana, si klipu ya TikTok. Ni Jumatatu, Machi 2, 1629, pale Westminster, London. Na kama wewe ni mtu wa kucheki payslip yako mwisho wa mwezi ukishangaa pesa zimeenda wapi, hii stori inakuhusu kuliko unavyodhani.

Ishu yenyewe ilikuwa ushuru. Mfalme Charles wa Kwanza alichukua kiti mwaka 1625. Desturi ilikuwa hivi: mfalme mpya akiingia, Bunge linampa ruhusa ya kukusanya ushuru wa bandarini maisha yake yote. Ulitozwa kwa kila pipa la mvinyo na kwa bidhaa nyingine kulingana na thamani yake. Lakini wabunge wa Commons, yaani wale wa kuchaguliwa, hawakumwamini Charles sana. Wakasema tutakupa mwaka mmoja tu, halafu tuongee. Hata huo mwaka mmoja haukupita kwenye Bunge la Malodi.

Charles alifanya nini? Akaendelea kukusanya tu. Mfanyabiashara akikataa kulipa, mali yake inashikwa. Mmoja wa walioshikiwa mali, John Rolle, alikuwa mbunge. Ilhali mwaka mmoja tu kabla, 1628, mfalme huyo huyo alikuwa amekubali Ombi la Haki, hati iliyosema watu wasitozwe kodi bila idhini ya Bunge na wasifungwe bila sababu. Mfalme akadai ushuru wa bandarini haukuguswa na hati hiyo. Wabunge nao wakaona wamechezwa.

Sasa turudi kwa ile Jumatatu.

Wabunge wanakutania kwenye kanisa la zamani la Mtakatifu Stefano, ukumbi mdogo wenye mabenchi yanayotazamana. Spika, Sir John Finch, anatangaza kwamba mfalme ameagiza kikao kiahirishwe hadi Machi 10. Ukumbi unalipuka: hapana! Mbunge Sir John Eliot, mtu wa Cornwall mwenye mdomo mkali, anasimama aongee. Finch anajibu kwamba ameamriwa aondoke kitini mtu yeyote akijaribu kuongea. Anainuka.

Hapo ndipo Denzil Holles na Benjamin Valentine wanamrukia.

Kwa nini wahangaike na kiti? Kwa sababu Spika akitoka kitini, kikao kimekufa. Kila kitakachosemwa baada ya hapo ni porojo za watu waliokaa chumba kimoja. Holles akaapa kwamba Spika atakaa pale mpaka wao wenyewe watakapoamua kuinuka.

Usimcheke Finch haraka. Wakati huo wabunge walimchagua Spika kwa kura, lakini jina lilikuwa limetoka kwa mfalme. Kwa hivyo jamaa alikuwa na wadosi wawili, na siku hiyo kila mmoja alitaka kitu tofauti. Wenzake walimsihi asome maazimio yao. Akajibu huku akitokwa na machozi kwamba hasemi hataki, ila hathubutu. Mbunge mmoja kutoka kaunti yake ya Kent, Sir Peter Heyman, akamwambia wazi kwamba ameiaibisha Kent. Njia mbili zilimshinda fisi, na Finch alikuwa fisi wa siku hiyo.

Nje, mambo yalikuwa yanachemka. Mfalme aliagiza Sajini wa Bunge atoke na siwa, lile rungu la heshima, kwa sababu siwa ikiondoka kikao pia kimekwisha. Wabunge wakamzuia. Sir Miles Hobart akafunga mlango, akatia ufunguo mfukoni. Mjumbe wa mfalme, afisa anayeitwa Black Rod kwa sababu ya fimbo yake nyeusi, akaja akabisha. Hakufunguliwa. Mfalme akaita walinzi wake waje wavunje mlango.

Ndani, Eliot alikuwa na karatasi ya maazimio. Spika amekataa kuisoma, karani pia amekataa. Kwa hasira, Eliot akaitupa motoni. Wazia: walinzi wako njiani na karatasi imeungua! Holles akasimama, akayataja maazimio yote matatu kutoka kichwani. La kwanza: atakayeleta mambo mapya kwenye dini ni adui wa nchi. La pili: atakayemshauri mfalme atoze ushuru wa bandarini bila Bunge ni adui wa nchi. La tatu ndilo kali zaidi: hata mfanyabiashara atakayeulipa kwa hiari yake ni msaliti wa uhuru wa Uingereza.

Wabunge wakapaza sauti: ndiyo! Kisha wakaahirisha kikao wenyewe, mlango ukafunguliwa, wakatoka. Walinzi walipofika, shughuli ilikuwa imeisha.

Ungependa nikwambie walishinda, sindio? Haikuwa hivyo. Machi 10 mfalme alivunja Bunge, na wale wakorofi akawaita nyoka. Wabunge tisa walikamatwa. Wengi waliachiliwa baada ya muda, lakini Valentine na mwenzake William Strode walikaa ndani hadi 1640. Eliot alitozwa faini ya pauni 2,000, akakataa kuomba msamaha, akafia kwenye gereza la Mnara wa London Novemba 1632. Mwanawe alipoomba mwili akauzike nyumbani Cornwall, mfalme alikataa. Azikwe palepale alipofia.

Na Bunge? Halikuitwa tena kwa miaka 11. Ushuru uliendelea kukusanywa. Ukiwauliza watu wa London mwaka 1635, wangekwambia wale jamaa walijisumbua bure.

Ila mwaka 1640 pesa zilimwishia Charles, akalazimika kuita Bunge. Finch, ambaye sasa alikuwa na cheo kikubwa serikalini, akashtakiwa na Bunge, akatorokea Uholanzi. Mwaka 1641 sheria ikapitishwa kwamba ushuru ule hautozwi bila Bunge. Januari 4, 1642, mfalme mwenyewe akaingia ukumbini na watu wenye silaha wakimsubiri mlangoni. Alikuja kukamata wabunge watano, wakiwemo Holles na Strode, wale wale wa 1629. Walikuwa wameshatoroka. Akamuuliza Spika mpya, William Lenthall, wako wapi. Lenthall akapiga magoti, akajibu kwa adabu kwamba hapo alipo hana macho ya kuona wala ulimi wa kusema ila kwa maelekezo ya Bunge analolitumikia.

Umeona tofauti? Kiti ni kile kile, mfalme ni yule yule. Miaka 13 ilipita, na Spika akajua mdosi wake ni nani. Mwaka huo vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza, na mwaka 1649 Charles akakatwa kichwa.

Sasa, mambo haya yanatufikia vipi hapa Nairobi? Bunge letu lilirithi mtindo wa Westminster: Spika, Sajini, hata ile siwa unayoona ikibebwa mbele ya Spika. Na Kifungu cha 210 cha Katiba yetu ya 2010 kinasema hakuna kodi itakayotozwa ila kwa mujibu wa sheria. Hilo ndilo lililompeleka Eliot jela.

Lakini kina Eliot walipigania Bunge liwe na neno la mwisho kuhusu kodi. Juni 2024, vijana waliojaa barabarani kwa sababu ya Mswada wa Fedha walikuwa na swali la pili: je, Bunge likiwa na hilo neno, linamsemea nani? Hilo halikuulizwa ile Jumatatu. Hata kura yenyewe, wakati huo wengi hawakuwa nayo. Wewe unayo.

Kwa hivyo siku nyingine ukiwasha TV ukamwona Spika akiingia nyuma ya siwa, usibadilishe chaneli haraka. Mtazame akikaa, halafu jiulize: huyu leo ni Finch au ni Lenthall?