Kupatanisha na Kusawazisha: Ujenzi wa Ngazi za Sauti kwa Uwiano Asilia

Kiswahili kina vitenzi viwili, kupatanisha na kusawazisha, ambavyo katika maelezo ya muziki vinaweza kudhaniwa kuwa na maana moja. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba vitenzi hivyo vinataja kanuni mbili tofauti za kujenga ngazi ya sauti, na kwamba kuvichanganya kunatufanya tuwahukumu waimbaji wetu isivyo haki.

Tuchukue uzi wa sentimita 90 usiobadilishwa mkazo. Ukipigwa mzima, sauti yake tuiite do. Nusu yake, yaani sm 45, hutoa do ya juu, kwa kuwa urefu ukipungua kwa nusu mitetemo huongezeka maradufu. Theluthi mbili (sm 60) hutoa sol, robo tatu (sm 67.5) hutoa fa, sehemu nne za tano (sm 72) hutoa mi, na sehemu tatu za tano (sm 54) hutoa la. Kutokana na sol tunapata ti (sm 48), ambayo ni sehemu nne za tano za sm 60, na re (sm 80), ambayo robo tatu yake ni sm 60. Ngazi imekamilika kwa namba ndogo tu. Sauti zenye uwiano kama huu husikika zimetulia, kwa sababu mitetemo yake hukutana kila baada ya mizunguko michache. Huku ndiko kupatanisha.

Hata hivyo, mapatano hayo hayawezi kuenea kwa wote. La ya sm 54 ingepatana na re iwapo re ingekuwa sm 81, kwa kuwa theluthi mbili za 81 ni 54. Re yetu lakini ni sm 80. Tukiisogeza hadi 81, itapatana na la na kugombana na sol. Sentimita hiyo moja si kosa la fundi; imo ndani ya hesabu yenyewe.

Kinanda cha kisasa hulitatua tatizo hili kwa kusawazisha: oktavi hugawanywa katika hatua 12 zilizo sawa. Hakuna ugomvi mkubwa, lakini pia, ukiondoa oktavi, hakuna mapatano kamili. Mi ya kinanda, kwa mfano, iko juu kidogo ya mi ya uzi wetu.

Sasa tuseme kwaya ya Hamugembe, katika Manispaa ya Bukoba, inaimba bila kinanda, na besi inapita do, la, re, sol, kisha do. Kila hatua ikipatanishwa kikamilifu, la ya 54 itazaa re ya 81, re hiyo itazaa sol ya 60.75, na sol itarudi kwenye do ya 91.125. Do imeshuka. Mzunguko huo ukirudiwa mara tano, kwaya itakuwa imeshuka kwa takribani nusu toni. Mwalimu atakayewasha kinanda mwishoni atasema waimbaji wamepotea, ilhali huenda walisikilizana kupita kiasi.

Aidha, uwiano asilia nao usigeuzwe kuwa rungu. Nanga ya Wahaya, ambayo tendi zake zilichunguzwa na M. M. Mulokozi katika tasnifu yake ya mwaka 1986, ina nyuzi 7 au 8 zinazokaribiana urefu. Zinatofautishwa kwa mkazo. Ili uzi upande kutoka do hadi sol, mkazo hauna budi kuongezwa mara 2.25. Hapo rula haisaidii. Mwamuzi ni sikio. Nalo sikio hufunzwa na jamii. Nchini Uganda, Klaus Wachsmann alipima kinubi cha Waganda na mwaka 1950 akachapisha matokeo yaliyoonyesha oktavi iliyogawanywa katika hatua tano zinazokaribia kuwa sawa. Wagogo wa Dodoma, kwa upande wao, wana ngazi inayofuata sauti zinazozaliwa na uzi wenyewe, ikiwemo ile ya saba ambayo kinanda hakina.

Kwa hiyo, tunapendekeza istilahi zitenganishwe: upatanisho kwa uwiano wa namba ndogo, usawazisho kwa hatua zilizo sawa. Kabla ya kutamka kwamba sauti “imekosea”, mtafiti aulize kwanza: imekosea kwa kanuni ipi?